Herufi Tatu Nilizomnyima Verediana

Vijana wangu,

Nimesoma tangazo mlilobandika kwenye mlango wa ukumbi wa parokia, na kabla ya jambo lolote naomba lisahihishwe. Mmeandika kwamba Jumapili atazungumza nanyi "mtumishi wa serikali mstaafu, mzee aliyeshikamana na Mungu katika nyakati zote bila kutetereka". Kuhusu mtumishi mstaafu, ni kweli, na barua ya kustaafu ninayo. Hayo mengine si kweli. Sijui ni nani aliyewapa habari hizo. Hakuna aliyekuja kuniuliza, na hilo linaniudhi kuliko sifa yenyewe, maana anayeandika habari za mtu bila kumwuliza ameiharibu kazi kabla ya kuianza. Ninayasema hayo nikijua ninachokisema, kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, na ndivyo nilivyoiharibu.

Kwa hiyo nimeamua kuandika badala ya kuzungumza, ili kisipungue kitu wala kisiongezwe. Atakayewasomea Jumapili asome polepole.

Nilikuwa karani, na baadaye afisa, wa vizazi, ndoa na vifo, kazi ambayo huku kwetu tunaiita etasivili. Watu waliniita Papa Etasivili mpaka wengine wakasahau jina langu. Ofisi ilikuwa chini bondeni, karibu na mashamba ya mpunga. Sitaitaja, kwa kuwa makosa nitakayoyasimulia yalikuwa yangu na si ya ofisi. Niliingia nikiwa kijana mwenye mwandiko mzuri na kiburi cha mwandiko huo. Aliyenipokea alikuwa karani mkuu, Mzee Hamadi, Mwislamu wa Bugarama, mtu mfupi aliyevaa koti hata katika joto lile linaloloanisha kope.

Mzee Hamadi alinifundisha kwamba wino ni mweusi, kwamba kosa halikwaruzwi kwa wembe bali hupigwa mstari mmoja tu ili watakaokuja baadaye waone ulikosea nini, kisha sahihisho huandikwa pembeni na kutiwa sahihi. Alinifundisha kumwomba mtu alitaje jina mara mbili, kwa sababu mama wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na mama wa huku wanaweza kutaja jina lile lile la mtoto yule yule, mmoja kwa r na mwingine kwa l, nawe ukabaki na watoto wawili kwenye rejista mahali alipozaliwa mmoja. Lakini kanuni aliyoishikilia kuliko zote ilikuwa kusoma. Kila cheti kisomwe kwa sauti mbele ya aliyekuja kutangaza, kabla hajatia sahihi au kidole.

"Wewe unasoma kwa macho," aliniambia wiki ya kwanza.

"Ndiyo, Mzee."

"Macho ni yako. Yeye amekuja na masikio tu. Soma asikie."

Sikumtii mara moja. Alikuja fundi mmoja wa kiwanda cha saruji wakati wa mapumziko yake ya mchana, nyusi zake zikiwa nyeupe kwa vumbi, kuandikisha mtoto. Nikamwuliza jina la mtoto. Akasema, "Bado." Nikaandika Bado. Nilikuwa nimekwisha kuandika majina ya ajabu kuliko hilo, na foleni ilikuwa ndefu, basi sikusoma. Baada ya mwezi alirudi na mkewe.

"Papa, hii karatasi inasema mutoto wetu anaitwa Bado."

"Ndivyo ulivyosema."

"Nilisema bado hatujamupa jina. Bibi yake ndiye alikuwa anakuya na jina, alikuwa kwenye bus ya kutoka Bukavu."

"Na bibi alifika lini?" akauliza Mzee Hamadi kutoka mezani kwake, kwa heshima kubwa.

"Jioni ile ile, Mzee."

Mzee Hamadi alivua miwani akajifuta machozi ya kicheko. Kisha akanisimamisha mbele ya watu wote nikapiga mstari, nikaandika pembeni, nikasoma kwa sauti. Rejista ilisahihishwa, mtaa haukusahihika. Leo mtoto huyo ni mtu mzima mwenye kuziba matairi huku Kamembe, si mbali na uwanja wa ndege. Kibao chake kimeandikwa "Kwa Bado", na mteja anayeuliza kama tairi lake liko tayari hujibiwa kwa jina la fundi.

Kosa hilo twalicheka kwa sababu lilipigwa mstari. Nililotaka kuwaeleza ni lingine.

Verediana alikuwa mkulima wa mpunga kutoka Gikundamvura. Nilimfahamu kwanza kupitia rejista ya vifo. Alikuja mara ya kwanza pamoja na mumewe kumwandikisha mtoto aliyechukuliwa na malaria. Mara ya pili walikuja tena wote wawili, kwa sababu ile ile. Mara ya tatu alikuja peke yake. Mumewe alikuwa amevuka mto Rusizi kwenda kutafuta dhahabu upande wa pili na hakurudi, wala habari zake hazikurudi. Mtoto huyo wa tatu alikuwa ameishi muda mrefu kuliko wenzake. "Papa, andika muzuri," Verediana aliniambia, "huyu alikuwa amekwisha kujua kusema jina yake." Niliandika vizuri. Nilisoma kwa sauti. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akatia kidole, akashukuru. Alikuwa mjamzito, na wala sikuliona hilo siku ile.

Sasa ni lazima niwakumbushe desturi ambayo nyinyi wa leo, mnaochagua majina kwenye simu, mnaipoteza. Kwetu jina la mtoto lilikuwa jibu. Jirani akikusema, hukwenda kugombana naye. Ulingoja uzae, ukampa mtoto jina lenye jibu lako, na jirani akawa analiita jibu hilo kila asubuhi kutoka uani kwake. Verediana alisemwa. Wanawake walikuwa kwenye mfereji wa maji ya mpunga, mmoja wao akamwuliza mbele ya wenzake: "Verediana, na hivi bado uko namuomba ule Mungu wako?" Watu wakacheka. Yeye aliendelea kung'oa magugu.

Jibu alilichagua kwa Kinyarwanda: Ndacyayisenga. Mnalijua jina Ndayisenga, maana yake namwomba Mungu. Ni jina la kawaida, mkiliita sokoni watageuka kumi. Ndacyayisenga ni jina lingine. Hiyo cya ya katikati ndiyo "bado". Bado namwomba. Ni herufi tatu, na bila hizo hakuna swali lililojibiwa.

Hapa ni lazima nieleze na hali yangu, kwa sababu bila hiyo mtadhani nilikosea kwa uchovu tu.

Mke wangu Speciose alikuwa mgonjwa wa uti wa mgongo. Alianza kwa kuchechemea, akamalizia kitandani. Mwaka wa kwanza nilisali kama mtumishi mwadilifu: novena za siku tisa kwa tarehe zake, misa kwa saa zake, hija moja kwa miguu. Mwaka wa pili nilisali kwa hasira. Mwaka wa tatu niliacha. Sikumwambia mtu. Jumapili niliendelea kukaa kwenye benchi la tatu upande wa kulia, suruali imepigwa pasi, midomo ikicheza, na paroko alinitolea mfano kwenye mahubiri. Sikumsahihisha. Labda sifa yenu ya kwenye tangazo ilianzia huko.

Asubuhi ya siku ninayoisimulia, Speciose aliniita kutoka kitandani. Aliniita Papa Yvonne, kwa jina la binti yetu.

"Papa Yvonne, ukae kidogo tusali. Salamu Maria moja tu."

"Nitachelewa kazini."

"Moja, Papa Yvonne."

"Jioni," nilisema.

Sikuwa nimechelewa. Nilifika ofisini robo saa kabla ya mlango kufunguliwa, nikasimama nje.

Verediana alikuwa wa nne kwenye foleni, mtoto wa kike mgongoni, matope ya shamba yamekauka kwenye pindo la kitenge chake. Niliandika tarehe, mahali, jina la mama, jina la baba asiyekuwapo. Nikauliza jina la mtoto. Alilisema polepole na kwa furaha, kama mtu anayekabidhi kitu alichokibeba kwa tahadhari kutoka mbali: "Ndacyayisenga. Na ya dini, Alphonsine." Kabla hajafunga mdomo mkono wangu ulikuwa umekwisha kuandika Ndayisenga.

Kwa miaka mingi nilieleza kwamba sikusikia vizuri. Hilo nalo linasahihishwa leo. Nilisikia. Niliisikia ile cya ikipita, mkono haukuirudia, na mimi sikuuambia urudi. Sikusoma kwa sauti. Nilimsogezea kidau cha wino, akatia kidole, akashukuru.

Mnatumia mashine siku hizi. Mtoto anaandikishwa kwenye kituo cha afya mama akiwa bado kitandani, na nimeona jinsi mashine inavyopendekeza jina baada ya herufi tatu au nne, karani akabonyeza tu. Nimewasikia mkijisifu kwamba haikosei. Mashine hiyo inapendekeza kilicho cha kawaida. Mimi nilikuwa mashine hiyo kabla haijaletwa, kwa hiyo naijua. Mlio makarani, ondoeni mkono kwenye mashine, mwulizeni mama, msomeeni.

Baada ya siku mbili Verediana alirudi. Katekista wa kijijini kwao alikuwa amemsomea karatasi.

"Papa Etasivili, kuko kitu kimepungua kwa jina ya mutoto."

"Kimepungua nini?"

"Hapa iko Ndayisenga. Mimi nilisema Ndacyayisenga."

"Maana ni ile ile, Maman. Anayeomba na anayeomba bado, wote wanaomba."

"Apana, Papa. Haiko sawa." Alifikiri, akimtikisa mtoto mgongoni. "Hii yako, hata muntu ameanza kuomba jana anaweza kuitwa hivi. Hii yangu, apana."

Nilimwambia kwamba sheria hairuhusu. Nilimwambia kwamba cheti kikishatiwa kidole kinasahihishwa na korti peke yake, na kwamba korti iko mbali na inataka mashahidi. Hilo halikuwa kweli. Siku zile ningeweza kupiga mstari na kuandika pembeni, kama nilivyofanya kwa mtoto wa fundi wa saruji. Nilimdanganya mwanamke asiyejua kusoma, nikiwa nimeweka kiganja juu ya kitabu cha sheria.

Akaniangalia, wala si kwa hasira. "Vifo ya batoto bangu uliandika yote tatu bila kukosa," alisema. "Huyu mumoja anaishi, ndiye umekosa."

Nikafunga rejista. Nikasema, "Anayefuata."

Mkiniuliza kwa nini, nitawajibu, kwa kuwa nimekuwa na muda wa kutosha kulichunguza jambo hilo. Lilikuwa ni lile neno bado. Mimi nilikuwa na mke hai, mshahara, benchi la tatu, nikashindwa. Yeye alikuwa na makaburi matatu na mume aliyevuka mto asirudi, akaja mezani kwangu na tope kwenye kitenge akitaka niandike kwa wino mweusi, kwa mkono wangu, kwamba yeye hakushindwa. Nilimnyima. Zikija kwenu siku za giza, na zitakuja, mnaweza kuchoka kama nilivyochoka; kwa hilo siwalaumu. Lakini msimkasirikie yule ambaye hajachoka. Katika dhambi zangu zote hii ndiyo ndogo kuitamka, na ndiyo inayoniuma zaidi.

Mzee Hamadi alikuwa amestaafu, na macho yalikuwa yakimwacha. Kila Ijumaa, akielekea msikitini, alipumzika kwenye benchi la nje ya ofisi yetu, nami nilitoka kumsalimu. Nilimsimulia habari ya Verediana nikidhani nitamchekesha. Hakucheka.

"Alisema jina ni jibu la nani?"

"La majirani, Mzee. Walimcheka kwamba bado anasali."

"Basi hiyo ni shahada yake," alisema. "Amekuja kuitoa mbele yako, nawe umemwandikia shahada ya mtu mwingine."

"Mzee, ni herufi tatu."

"Kwetu ukiacha neno moja ndani ya shahada, hujasema kitu. Piga mstari."

Niliahidi. Ijumaa iliyofuata aliuliza, "Umepiga mstari?" Nikamjibu bado. Ijumaa nyingine akauliza tena. Akawa anaulizia pale pale kwenye benchi, kabla hata ya salamu, uso wake umeelekea nilipo kwa kufuata sauti yangu, nami nikawa na sababu mpya kila wiki: rejista iko kwa mkaguzi, muhuri uko kwa mkuu, mvua. Kisha Ijumaa moja hakuja, na Jumamosi tukaenda kumzika. Ni yeye aliyenifanya karani, na swali lake la mwisho kwangu sikulijibu kwa ukweli.

Verediana naye hakuchoka kuuliza. Baada ya kila mavuno, akiwa njiani kupeleka mchele sokoni Ruhwa, alipita ofisini. Alipanga foleni kama wengine. Akinifikia alisema, "Papa, ile ya mutoto?" Nami nilisema, "Ni ya korti, Maman." Naye alisema, "Haya, Papa." Hakuinua sauti hata siku moja. Ila kila mara kabla hajaondoka aliuliza habari za mke wangu. "Na Maman, bado anagonjwa? Niko namuombea." Sikuwahi kumwambia asante. Nilikuwa nikijiambia kwamba ananitania, na nilijua kwamba hanitanii.

Ulifika wakati rejista zote zikaingizwa kwenye kompyuta. Afisa alitakiwa kupitia kila ukurasa na kuweka alama kwamba hauna kosa. Ukurasa wa Alphonsine nilikutana nao katikati ya wiki, asubuhi, chai ikiwa mkononi. Nilikuwa na kalamu, nilikuwa na mamlaka, na hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Kupiga mstari kungetaka maelezo pembeni, na maelezo yangetaka sahihi yangu, na sahihi ingesema kwamba nilidanganya miaka yote ile. Niliweka alama ya kwamba hauna kosa, nikafunua ukurasa uliofuata.

Speciose alifariki katika mwaka huo huo. Kuhusu ugonjwa wake nitasema jambo moja tu. Alipoona siji kusali naye, alianza kusali rozari peke yake, na mimi nilimsikia kutoka chumba cha pili. Rozari mnaijua: mmoja anaanza, mwingine anaitikia. Yeye alisema sehemu yake, akanyamaza kwenye sehemu yangu, akangoja kidogo, kisha akaendelea na ya pili. Kila siku, kwa miaka. Hakuijaza ile nafasi. Nilikuwa nikisoma gazeti.

Kwenye kilio walikuja watu wa bondeni, na Verediana miongoni mwao. Alikaa kwenye mkeka na akina mama, na ilipofika zamu ya kuongoza rozari wakamwachia yeye. Jioni alipoaga alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole, Papa. Mungu iko." Habari ya jina hakuigusa. Nilifungua mdomo nikamwambia kwamba nitamwandikia barua. Kumwandikia barua mtu asiyejua kusoma: hayo ndiyo niliyoyapata ya kusema.

Baada ya mazishi Yvonne alirudi kwake Kigali, na nyumba ikawa kimya. Asubuhi moja, nikikunja shuka za Speciose, nilijikuta naisema ile sehemu ya kuitikia. Sehemu yangu tu, bila ya kwanza. Msiandike kwamba niliguswa na Roho, maana sikuguswa na chochote. Niliisema kwa sababu ilikuwa imebaki bila kusemwa kwa muda mrefu mno. Kesho yake niliisema tena. Ndivyo nilivyorudi, ikiwa neno kurudi linafaa kwa mtu aliyekuwa akikaa kwenye benchi la tatu wakati wote.

Hata hivyo ilinichukua mpaka kustaafu kufanya lile nililoagizwa na Mzee Hamadi. Mwaka huu nilikwenda kuuliza utaratibu, nikajaza fomu ya maombi ya kusahihisha cheti, na nikaandika tamko langu mwenyewe, kurasa mbili: kwamba nilisikia jina, kwamba niliandika lingine, kwamba sikusoma kwa sauti, kwamba nilimdanganya mtangazaji. Niliandika vizuri. Kilichobaki kilikuwa sahihi ya Alphonsine, kwa kuwa sasa ni mtu mzima na jina ni lake. Nikavaa koti, nikapanda basi, nikashukia Gikundamvura.

Niliwakuta uani. Verediana amezeeka, lakini amesimama wima. Alikuwa ametandaza mpunga kwenye turubai ukauke, anaugeuza kwa miguu. Alphonsine, ambaye ni muuguzi, alikuwa amekuja kumtembelea na wanawe wawili. Nilijitambulisha, ingawa hakukuwa na haja, na nikamkabidhi karatasi. Alizisoma zote, pamoja na tamko langu, akiwa amesimama. Kisha alizikunja kwa adabu akanirudishia.

"Nakushukuru, Papa. Lakini siweke sahihi."

"Ni haki yako."

"Diploma iko Ndayisenga. Kitambulisho, Ndayisenga. Ruhusa ya kazi, Ndayisenga. Batoto bangu, kwa karatasi mama yao ni Ndayisenga. Ukirudisha hizi herufi leo, kesho nitaanza kuelezea kwa kila ofisi mimi ni nani."

Nilikasirika, sifichi. Nilimwambia kwamba kosa halizeeki likawa sahihi, na kwamba rejista haiandikwi kwa kuhurumia usumbufu.

"Lilikuwa kosa lako, Papa," alisema bila ukali. "Sasa ni jina langu. Nimeishi ndani yake."

Verediana alicheka mpaka akaacha kugeuza mpunga. "Wakati nilitaka, weye ulikatala. Leo umetaka, huyu anakatala. Hii etasivili inachoshaka bantu."

"Maman, nataka kulirekebisha ungali unaona."

"Mimi hapa nyumbani nimemuita kwa jina yake yote, tangu mudogo. Anaitikaka. Sivyo?"

"Naitikaka," alisema Alphonsine.

"Basi. Unazani kule kwa Mungu banaombaka kitambulisho?"

Nilizirudisha karatasi kwenye bahasha, na nikamwambia nilichopaswa kumwambia siku ya pili baada ya kosa: kwamba nilisikia, kwamba nilidanganya, na kwamba naomba msamaha. Aliendelea kugeuza mpunga kwa vidole vya miguu, mstari baada ya mstari.

"Msamaha nilikupa siku ya kilio ya Maman," alisema. "Weye ulisema utaniandikia, nikangojea."

Kisha akasimamisha miguu, akaniangalia vizuri, toka viatu hadi kola. Akaniuliza swali lile lile aliloulizwa yeye kwenye mfereji, ila kwake halikuwa na dhihaka. "Na weye, Papa? Bado uko namuomba?"

Ningeweza kusema bado. Parokia nzima ingenishuhudia.

"Tena," nilisema. "Namwomba tena. Katikati niliacha."

"Miaka mingapi?"

"Tisa."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepima mzigo aliopewa aushike kwa muda. "Tisa ni mingi. Basi usiseme bado."

"Sisemi, Maman."

"Sema tena. Na hiyo tena nayo iko kuomba."

Alphonsine aliniletea kiti, lakini mama yake alimwambia akirudishe ndani. Jua lilikuwa likihama upande wa turubai uliokuwa haujageuzwa. Verediana aliniambia nivue viatu na soksi, nianzie kule mwisho, na nisikanyage kwa kisigino. Nikavua koti pia, nikaingia kwenye mpunga.